Soko la Samaki Likiyumba: Mwongozo wa Kutafuta Msaada wa Serikali kwa Watu wa Mialo ya Uganda

Mama anayekausha mukene, yaani dagaa, pale Kiyindi na baria, mvuvi wa kuajiriwa, anayevua mputa (sangara) kule Kalangala wanauza vitu tofauti katika masoko tofauti. Ila mpaka ukifungwa, au mnunuzi wa ng'ambo akikunja uso, wote wawili huuliza swali lilelile: serikali inatusaidiaje? Msaada upo, lakini haukai chini ya jina hilo. Ukienda wilayani ukaomba fidia ya soko lililoanguka, utazungushwa ofisi hadi ofisi mpaka jua lizame, kwa sababu hiyo si fomu wanayoijua. Msaada wenyewe umetawanyika ndani ya PDM (mpango wa serikali wa maendeleo ya muluka, yaani kata), Emyooga (mpango wa mikopo kwa vyama vya wenye kazi moja), mikopo ya akina mama, taratibu za forodha na bajeti ya gombolola, ngazi iliyo juu ya muluka. Kazi yako ni kujua shida yako inaangukia wapi, kisha uende pale ukiwa na karatasi zinazotakiwa.

Naandika haya kwa watu wa mialoni: wenye mitumbwi, mabaria, wachuuzi, wakaushaji, wachoma samaki, na akina mama wanaosubiri mitumbwi alfajiri na beseni mkononi. Naomba myasome kwa pamoja kwenye kikundi, maana hatua nyingi hapa haziendi kwa mtu mmoja.

Mishtuko hii si mipya

Kati ya mwaka 1997 na 2000 samaki wa Ziwa Victoria walifungiwa soko la Umoja wa Ulaya zaidi ya mara moja. Kwanza ilikuwa vijidudu vya salmonela, ikafuata hofu ya kipindupindu, na mwaka 1999 ikawa habari za watu waliokuwa wakivua kwa sumu. Mvuvi aliyekuwa akitumia nyavu safi aliumia sawasawa na yule wa sumu. Soko lilifunguliwa tena mwaka 2000 baada ya serikali kupanga upya ukaguzi wa samaki, viwanda na mialo. Mwaka 2003 zikaundwa BMU, kamati za kusimamia mialo, ambazo Rais alizisimamisha mwaka 2015. Mwaka 2005 mauzo ya samaki nje yalipita dola milioni 140, kisha mputa wakubwa wakapungua na viwanda kadhaa vikafunga milango.

Februari 2019 Rwanda ilifunga mpaka wa Gatuna, na haukufunguliwa kwa uhakika hadi tarehe 31 Januari 2022. Mwaka 2020 korona ilizuia ndege na kufunga mahoteli ya Ulaya na Asia, viwanda vikapunguza ununuzi, na bei ya mabondo, vile vibofu vya mputa tunavyoviita nuuni huku, ikaporomoka. Tangu tarehe 1 Januari 2024 Uganda haimo tena katika mpango wa AGOA wa kuuza Marekani bila ushuru, na Agosti 2025 Marekani ikaweka ushuru wa asilimia 15 kwa bidhaa zetu. Hili la Marekani lisikutie hofu kuliko linavyostahili. Minofu yetu ya mputa huenda zaidi Ulaya na nchi nyingine, mabondo huenda Hong Kong na China, na mukene huliwa hapa hapa na majirani zetu wa Kongo, Sudan Kusini, Rwanda na Kenya. Ajenti wa kiwanda akikuambia leo bei imeshuka kwa sababu ya Marekani, mwulize kiwanda chake kinauza wapi.

Hatua ya kwanza: andika kilichovunjika

Kabla ya kwenda ofisi yoyote, kaeni chini mseme kwa usahihi ni kitu gani kimeharibika. Bei imeshuka lakini mnunuzi bado yupo? Mnunuzi ameondoka kabisa? Mpaka umefungwa au gharama za kuvuka zimepanda? Au samaki wenu wanakataliwa kwa uchafu, mchanga na ukubwa mdogo? Kila jibu lina ofisi yake. Bei na mtaji ni mambo ya PDM, Emyooga na benki. Mpaka ni mambo ya forodha na afisa biashara wa wilaya. Samaki kukataliwa ni jambo la afisa uvuvi na bajeti ya kuboresha mwalo.

Nunueni daftari moja la kikundi. Kila siku ya kuuza, katibu aandike tarehe, aina ya samaki, kilo au beseni, bei, na jina la mnunuzi. Mstari mmoja tu: "Jumanne, mukene, magunia 6, bei ya gunia, kapewa mchuuzi wa Mpondwe." Fanyeni hivyo miezi mitatu mfululizo. Nimeona wazee wenye akili wakisimama mbele ya ofisa na kusema "tunateseka", wakaitikiwa kwa huruma na kurudishwa nyumbani. Nimeona pia akina mama wakiweka daftari mezani, kurasa zenye madoa ya mafuta ya samaki, ofisa akalivuta karibu, akafungua ukurasa wa Machi na wa Juni, akaanza kuuliza maswali. Daftari lilimfanya akae na akina mama wale karibu saa nzima.

Kuna jambo lingine la kuandika, hata kama linauma: zana zenu. Ukubwa wa chini unaoruhusiwa ni inchi 20 kwa mputa na inchi 11 kwa ngege (sato), na mtumbwi wa Ziwa Victoria usipungue futi 28. Mwaka 2017 jeshi lilianza kusimamia sheria hizi majini, na Sheria ya Uvuvi na Ufugaji wa Samaki ya mwaka 2022 imeongeza adhabu. Ukikopa fedha za serikali ukanunua nyavu zisizoruhusiwa, zitachomwa na deni litabaki. Naelewa hasira iliyopo mialoni juu ya namna operesheni hizo zilivyofanywa. Watu wamepigwa, mali zimeteketezwa, na madai hayo yana haki ya kusikilizwa. Lakini usiingize fedha za mkopo katika zana ambayo huna uhakika wa kuiona wiki ijayo.

Hatua ya pili: karatasi

Hapa ndipo watu wa mwaloni wengi hukwama, na hapa ndipo nataka tukae kidogo.

Mipango karibu yote huanza na namba ya kitambulisho cha taifa. Kama hujawahi kujiandikisha, nenda ofisi ya wilaya ya NIRA, mamlaka ya vitambulisho. Kuandikishwa mara ya kwanza ni bure. Kadi iliyopotea hulipiwa shilingi 50,000 ili kutolewa nyingine, na malipo hupitia benki. Usimpe mtu fedha hizo mkononi. Kadi za kwanza zilitolewa kuanzia 2014 kwa muda wa miaka kumi, kwa hiyo angalia tarehe ya mwisho iliyo kwenye yako.

Laini ya simu iwe imeandikishwa kwa jina lako mwenyewe. Fedha za PDM zimekuwa zikitumwa kupitia Wendi, mkoba wa simu wa PostBank (sasa Pearl Bank), na mabaria wengi hutumia laini ya tajiri au ya rafiki aliyeondoka mwaloni zamani. Jina la laini lisipolingana na la kitambulisho, fedha zitakwama.

Sasa suala la makazi. Mvuvi huhama na samaki. Miezi minne yupo Kasensero, miezi mitatu Buvuma, halafu anasikia Ziwa Albert limefunguka anaenda Ntoroko. Mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, wa kila mahali anamjua kwa sura tu. Kisha orodha ya kaya za muluka inaandikwa, yeye hayupo kijijini kwao na hayupo kwenye orodha ya mwaloni. Amepotea katikati. Dawa ni kuchagua mahali pamoja pa kuhesabiwa, na ushauri wangu ni pale alipo mke, mume au watoto. PDM hutolewa kwa kaya, haitolewi kwa mtumbwi. Kama mke wako yupo kijijini Namayingo na wewe unavua visiwani, yeye ndiye aandikishwe kule, akiwa na shughuli ya kule. Kama familia yote ipo mwaloni, nenda kwa LC1 wa hapo, jiandikishe kwenye daftari la wakazi, hudhuria mikutano ya kijiji, na omba barua ya utambulisho yenye muhuri. Msingoje siku orodha inapoandikwa.

Waliotoka Kongo, Kenya au Tanzania na hawana namba ya kitambulisho cha Uganda hawataweza kupata PDM. Nawaandikia ukweli huo mapema ili mtu asilaghaiwe na dalali anayeahidi kumwingiza.

Karatasi nyingine za kuweka pamoja katika mfuko mmoja wa plastiki: leseni ya mtumbwi na ya uvuvi, risiti za kulipia leseni, kibali cha kusafirishia samaki kama unachuuza, na picha ndogo za pasipoti. Piga picha kila karatasi kwa simu. Maji ya ziwa hayana huruma na karatasi.

Hatua ya tatu: kikundi

Vikundi vipo vya aina tatu, na kila kimoja kinafungua kitu tofauti.

Kwa PDM mnahitaji kikundi cha shughuli moja ndani ya muluka: wakaushaji wa mukene, wafugaji wa kuku, wafugaji wa samaki. Kikundi hujiunga na SACCO, chama cha akiba na mikopo, ya PDM ya muluka huo. Kwa Emyooga mnaunda chama cha wavuvi katika muluka, na vyama hivyo hukutana katika SACCO ya jimbo zima la uchaguzi. Wavuvi wametajwa kwa jina kati ya makundi ya Emyooga tangu mpango huo ulipoanza 2019, na SACCO nyingi zilianzishwa kwa mtaji wa shilingi milioni 30 kutoka serikalini kupitia Microfinance Support Centre. Aina ya tatu ni chama cha ushirika chenyewe, ambacho sheria inataka kiwe na watu wasiopungua 30. Hiki kina kazi kubwa zaidi ya karatasi na mikutano, lakini ndicho kinachoweza kuingia mkataba na kiwanda au na mnunuzi wa Kongo kwa jina lake.

Afisa maendeleo ya jamii wa gombolola ndiye anayeandikisha vikundi vya kawaida, na afisa biashara wa wilaya ndiye anayewaelekeza juu ya ushirika. Wote ni watumishi wa serikali na kuwaona ni haki yenu. Mkienda kwao, beba katiba ya kikundi hata kama ni kurasa mbili, majina na namba za vitambulisho, na kumbukumbu za mkutano mliomchagua mwenyekiti, katibu na mweka hazina.

Neno moja kuhusu kuchagua wanachama. Usimweke tajiri mwenye mitumbwi kumi kuwa mwenyekiti kwa sababu tu ana usafiri wa kwenda wilayani. Kundi la PDM limekusudiwa kaya ambazo bado zinaishi kwa kujikimu, na kikundi chenye wakubwa juu na mabaria chini huishia kugawana mkopo mapema, wadogo wakibaki na madeni.

Hatua ya nne: chagua mkopo unaolingana na jeraha

PDM ilizinduliwa tarehe 26 Februari 2022 wilayani Kibuku. Kila muluka unapangiwa shilingi milioni 100 kwa mwaka wa fedha, na kaya hukopeshwa milioni 1 kwa riba ya asilimia 6 kwa mwaka. Kwa hesabu rahisi ni shilingi 60,000 kwa mwaka. Samaki wamo katika orodha ya mazao yaliyopewa kipaumbele. Fedha hizo ni mkopo wa kuzunguka. Zikirudi, jirani yako anapata.

Milioni moja itumike wapi? Wengi hushauriwa kuchimba bwawa la samaki, na nawaomba mfikirie mara mbili. Katika ufugaji wa samaki chakula peke yake hula zaidi ya nusu ya gharama zote. Baada ya kuchimba, kununua vifaranga na magunia machache ya chakula, milioni imekwisha kabla ngege hawajafika ukubwa wa kuuzwa, na huwezi kuwaambia samaki wasubiri. Bwawa linafaa pale ambapo kikundi kina chanzo kingine cha fedha za chakula, maji ya uhakika, na afisa uvuvi anayewatembelea. Vinginevyo, kwa mtu wa mwaloni aliyepoteza bei, naona fedha hii inafanya kazi vizuri zaidi katika kuongeza thamani ya samaki aliye tayari mkononi.

Chukua mukene. Asubuhi wanamwagwa kutoka mtumbwini wakiwa wanang'aa. Wakianikwa chini, ifikapo saa sita mchana wameshika mchanga upande mmoja, kuku wamepita juu yao, na mvua ya ghafla ikinyesha wanageuka kuwa uji mweusi. Mukene huyo huishia kwenye viwanda vya chakula cha kuku kwa bei ya chini. Mukene yuleyule akitandazwa juu ya kichanja cha nguzo na wavu mkuukuu, kiunoni kwa mtu, upepo unapita chini na juu, anakauka haraka, anabaki mweupe, na ukimtafuna hakuna mchanga unaolia menoni. Huyo ndiye anayeliwa na watu, ndiye anayevuka mpaka wa Mpondwe kwenda Kongo. Nguzo, misumari, wavu, turubai la mvua na magunia safi ni vitu ambavyo milioni moja inaweza kuvinunua na bado ikabaki ya kununulia mukene wa kwanza. Wakaaji wa Ziwa Albert, kwa muziri na ragoge, samaki wenu wadogo, hesabu ni hiyohiyo.

Kwa wasio na nafasi mwaloni, kuku wa kienyeji au nguruwe hukubaliwa pia, na kaya ambayo haitegemei ziwa peke yake hupita vizuri msimu wa mpaka kufungwa.

Namna ya kuomba ni hii: kikundi kinawapitisha wanachama wake kwenye mkutano, kila mmoja anajaza fomu inayoeleza shughuli, gharama na mapato anayotarajia, fomu zinapelekwa kwa chifu wa muluka, na SACCO ya PDM inapitisha. Jua mapema tarehe ya kuanza kulipa, uiandike kwenye daftari lile.

Kwa akina mama zipo njia mbili za ziada. UWEP hukopesha vikundi vya wanawake 10 hadi 15. Mkilipa ndani ya miezi 12 hakuna riba, mkichelewa inakuwa asilimia 5. Mradi wa GROW, uliofadhiliwa na Benki ya Dunia kwa dola milioni 217, umeelekezwa kwa mwanamke ambaye tayari ana biashara na anataka kuikuza, kupitia benki, kwa riba isiyozidi asilimia 10 kwa mwaka. Mchuuzi wa samaki mwenye daftari la mauzo na akaunti ya benki yupo karibu na GROW kuliko anavyodhani. Vijana waulize juu ya YLP, mpango wa mikopo ya vijana, kwa afisa maendeleo ya jamii.

Kwa wanaofikiria mashine ya barafu, chumba cha baridi au kiwanda kidogo, ipo Agricultural Credit Facility ya Benki Kuu, iliyoanzishwa 2009. Riba yake haizidi asilimia 12, na ina fungu la wakopaji wadogo hadi shilingi milioni 20 bila kudai hati ya ardhi. Hupitia benki za kawaida, kwa hiyo mwulize meneja wa benki yako waziwazi kwa jina hilo, maana wapo watakaokupa mkopo wa kawaida wa riba kubwa usipoutaja.

Deni la ajenti lina nafasi yake hapa. Wavuvi wengi wa mputa wamepewa nyavu, mafuta na pesa za kula na ajenti wa kiwanda, kwa sharti la kumwuzia yeye tu. Soko likishuka, anashusha bei anavyotaka na wewe huna pa kwenda. Ukipata mkopo wa serikali, kulipa deni hilo kwa siri na kubaki huna mtaji si suluhisho, na masharti ya mikopo hayaruhusu. Zungumza na ajenti kama kikundi, mwandikiane bei ya chini kabisa na muda wa kumaliza deni, na LC1 aweke sahihi kama shahidi.

Hatua ya tano: kuvuka mpaka bila kuporwa

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilipata kuwa mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki Julai 2022. Kwa wafanyabiashara wadogo, Jumuiya ina utaratibu rahisi: mzigo wenye thamani isiyozidi dola 2,000, wa bidhaa zilizozalishwa ndani ya nchi wanachama na zilizomo kwenye orodha ya pamoja, hupewa cheti rahisi cha asili palepale forodhani, bila malipo, na hausumbuliwi na ushuru wa forodha wa kuingiza. Ada nyingine za nchi, kama za ukaguzi wa afya, zinaweza kubaki. COMESA, soko la pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika, nayo ina utaratibu wake unaofanana.

Ukifika mpakani fanya hivi. Uwe na kibali cha kusafirisha samaki ulichopewa na afisa uvuvi kule ulikotoka. Bila hicho hata cheti cha asili hakitakuokoa. Uliza lilipo dawati la habari za biashara, palipo nalo, kabla ya kuzungumza na dalali yeyote. Omba kuonyeshwa orodha ya bidhaa. Lipa penye risiti tu. Na usiugawe mzigo mkubwa vipande vipande kwa majina ya watoto ili uonekane mdogo, maana maofisa wanaijua mbinu hiyo na utanyang'anywa wote.

Wachuuzi wakivuka kwa kikundi, kila mmoja na mzigo wake na cheti chake, usumbufu hupungua sana. Anayekataliwa huwa na mashahidi.

Hatua ya sita: kuomba kitu cha mwalo mzima

Sakafu ya saruji ya kupokelea samaki, choo, maji safi, paa, vichanja vya pamoja, barabara ya kutoka mwaloni. Hivi havikopwi na mtu mmoja, na ndivyo vilivyookoa soko la Ulaya mwaka 2000. Huombwa kupitia bajeti ya gombolola na wilaya, na bajeti ina majira yake kama samaki.

Mwaka wa fedha wa Uganda huanza tarehe 1 Julai. Mikutano ya bajeti ya serikali za mitaa hufanyika Oktoba na Novemba. Mahitaji ya vijiji na miluka hukusanywa kabla ya hapo. Mkipeleka ombi Aprili, mmekosa. Fedha zimekwisha pangwa. Ombi lenu liwe mezani kwa chifu wa gombolola Agosti au Septemba, na nakala kwa afisa uvuvi wa wilaya na diwani wenu. Kisha pelekeni watu kwenye mkutano wenyewe.

Barua iwe fupi. Mfano:

"Sisi wanachama wa kikundi cha wakaushaji wa mukene wa mwalo wa ........, muluka wa ........, tunaomba mwalo wetu uwekwe katika bajeti ya mwaka ujao wa fedha kwa vichanja vya kuanikia, choo na maji. Kwa mujibu wa daftari letu la mauzo, kati ya mwezi wa ........ na ........ bei ya gunia imeshuka kutoka ........ hadi ........, na wanunuzi wametueleza kwamba tatizo ni mchanga. Kikundi kitatoa nguzo na nguvu kazi. Tunaomba afisa uvuvi atutembelee kabla ya mkutano wa bajeti. Tumeambatisha nakala za kurasa za daftari na orodha ya wanachama."

Baraza la mawaziri liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2022, lakini ofisi nyingi bado hufanya kazi kwa Kiingereza. Mtafuteni mwalimu wa shule awatafsirie, na barua isomwe kwa Kiswahili mbele ya wanachama wote kabla ya sahihi. Mtu asiweke dole gumba kwenye jambo asilolielewa.

Hatua ya saba: mkizungushwa

Fomu haziuzwi. Hakuna ada ya kuingizwa kwenye orodha, na milioni moja ya PDM ikipitishwa ni milioni nzima. Kuna kikundi cha akina mama ninachokifahamu ambacho kiliombwa pesa za "kalamu" na mtu mmoja wa ofisini, kila mama kiasi chake. Walikubaliana wote kukataa siku hiyohiyo, wakaandika tarehe na maneno aliyoyasema, wakaenda kwa RDC, mwakilishi wa Rais wilayani, wakiwa kundi. Fomu zao zilipita. Mmoja akilipa kwa siri, wote mmekwisha.

Ngazi za malalamiko ni chifu wa gombolola, RDC, kisha ofisi ya Inspekta Mkuu wa Serikali au kitengo cha Ikulu cha kupambana na rushwa. Andikeni tarehe, jina la aliyehusika, kiasi alichoomba na mashahidi.

Kama mnaambiwa fedha hazijafika, au orodha ya waliopata haionyeshwi, tumieni Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2005. Mwananchi ana haki ya kuomba kwa maandishi taarifa iliyo mikononi mwa ofisi ya serikali, na ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 21. Ombeni kitu mahususi: orodha ya waliokopeshwa na SACCO ya PDM ya muluka fulani katika mwaka fulani wa fedha, na kiasi kilichopokelewa. Andikeni nakala mbili. Moja ibaki ofisini, nyingine ipigwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe na mrudi nayo, kwa sababu siku 21 zitahesabiwa kuanzia muhuri huo.